Platini ilivyobadili hatima ya watoto wenye saratani ya seli za uzazi

Saratani ya seli za uzazi huanzia kwenye seli ambazo, mtoto akiwa bado tumboni, hupaswa kusafiri hadi kwenye ovari au korodani. Baadhi hukwama njiani, ndiyo maana uvimbe huweza kuota hata kwenye kifandugu, kifuani au kwenye ubongo. Si kila uvimbe wa jamii hii ni saratani. Teratoma iliyokomaa, ambayo ikipasuliwa hukutwa wakati mwingine na nywele na meno, kwa kawaida huisha kwa upasuaji pekee.

Ule wa saratani ulikuwa habari nyingine. Hadi miaka ya 1960, ukishasambaa, watoto wachache tu walinusurika.

Mwaka 1965, mwanasayansi Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria. Bakteria hao waliacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Kilichowazuia hakikuwa umeme, bali kemikali iliyotokana na elektrodi za platini. Kemikali hiyo, sisplatini, mwanakemia Michele Peyrone wa Italia alikuwa ameitengeneza tangu miaka ya 1840 bila kujua kuwa ni dawa inayoweza kuzuia seli za saratani pia zisigawanyike.

Mwaka 1974, daktari Lawrence Einhorn wa jimbo la Indiana, Marekani, aliichanganya sisplatini na dawa za vinblastini na bleomisini kutibu wanaume wenye saratani ya korodani iliyosambaa. Wengi walipona. Marekani iliidhinisha sisplatini mwaka 1978, na madaktari wa watoto nao wakaitumia.

Uponyaji huo ulikuwa na gharama. Sisplatini huumiza figo, hivyo mgonjwa hutundikiwa dripu za maji kabla na baada ya dawa. Huharibu pia usikivu, hasa wa sauti nyembamba, na madhara hayo hayarekebishiki. Kwa mtoto anayejifunza kuongea ni hasara kubwa. Uingereza ilijaribu kaboplatini, dawa nyingine ya platini, badala yake kati ya 1989 na 1997, na takriban asilimia 90 ya watoto walikuwa hai baada ya miaka mitano. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha thiosulfati ya sodiamu kulinda masikio ya watoto wanaopewa sisplatini kwa saratani ambayo haijasambaa.

Kipimo cha damu cha alfafetoprotini, protini ambayo uvimbe huu huweza kuitoa, kiliwaepusha wengine na dawa kabisa. Mvulana ambaye uvimbe wake haujatoka nje ya korodani hufanyiwa upasuaji, kisha hufuatiliwa: kiwango cha protini hiyo kikishuka hadi cha kawaida, husubiriwa, kikipanda tena, ndipo dawa huanzishwa. Kwa watoto wachanga kipimo husomwa kwa uangalifu, kwa kuwa wao huzaliwa kiwango hicho kikiwa juu.

Leo, katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 9 kati ya 10 hupona. Wanaofikishwa hospitali wakiwa wamechelewa hawana bahati hiyo. Uvimbe kwenye korodani, tumboni au kwenye makalio ya mtoto, hata usipouma, uonwe na daktari mapema.