Safu ya Lugha: Ufunguo Usiofungua

Ufunguo ni mtoto wa kitenzi fungua. Lakini fundi wa Mpanda akiwasha laptop yenye Linux anakutana na funguo zisizofungua kitu: PK na KEK, pamoja na orodha zake, db na dbx, za Secure Boot, utaratibu wa kuhakiki programu mashine inapowaka. Zinakaa kwenye programu dhibiti. Kerneli huzionyesha kama mafaili ndani ya /sys/firmware/efi/efivars. Kazi yake ni ile ya sahihi ya mfano iliyoko benki: mashine hulinganisha sahihi ya programu ya kuwasha, na isipooana, mfumo hauwaki. Dbx ni orodha ya programu zilizopigwa marufuku. Kuzisoma funguo na orodha hizi ruksa, kuzibadili kunataka sahihi ya mwenye ufunguo wa juu. Utaratibu huu ulienea na Windows 8 mwaka 2012. Neno ufunguo tulibakize, ila wanafunzi waambiwe mapema: ufunguo huu huhakiki.