Ng'ambo ya Maji: Tarehe ya Kigamboni

Kigamboni si kisiwa, ingawa watu wa Dar es Salaam wamekuwa wakiizungumzia kama kisiwa tangu zamani. Ukifuata Barabara ya Kilwa, ukaipita Mbagala hadi Kongowe, kisha ukakata kushoto, utafika huko bila kulowa unyayo. Ni mwendo mrefu, na kwa miaka mingi barabara yenyewe ilikuwa ya vumbi kiangazi na matope masika, basi aliyekuwa na haraka alivuka maji. Mkono wa bahari unaoingia kwenye lango la bandari hupanuka kuelekea Mtoni, ukapokea mito ya Kizinga na Mzinga na kuzungukwa na mikoko. Langoni ni mwembamba kiasi kwamba ukisimama soko la samaki la Feri unaona waziwazi watu wanaosubiri pantoni upande wa pili. Maji hayo machache ndiyo yaliyoamua Kigamboni iwe nini.

Leo ni wilaya kamili ya Mkoa wa Dar es Salaam, iliyomegwa kutoka Temeke takribani miaka kumi iliyopita, wakati Ubungo nayo ilipotolewa Kinondoni. Ina kata tisa. Kigamboni, Tungi na Vijibweni zimebanana karibu na kivuko na daraja. Mjimwema na Kibada ni za nyumba za kuta ndefu na mageti. Zilizobaki, yaani Somangila, Kisarawe II, Kimbiji na Pemba Mnazi, zinanyooka kusini hadi mpaka wa Mkuranga. Huko bado kuna mihogo, mikorosho na ngalawa zilizopandishwa mchangani, na mtu akisema anakwenda mjini unaelewa kwamba anakusudia kufunga safari.

Pwani hii ni ya zamani kuliko jiji linaloitawala. Sayyid Majid wa Zanzibar alipoanza kujijengea Dar es Salaam katika miaka ya 1860, vijiji vya Mbwamaji na Kimbiji vilikuwa vimeshazika vizazi vingi. Makaburi ya mawe ya matumbawe na magofu ya misikiti yanashuhudia hilo kwa anayejua kichochoro cha kuyafikia. Washomvi walikaa ufukweni, wakavua na kufanya biashara. Wazaramo walilima nyuma yao, na kwa ndoa na kwa kubadilishana mazao na samaki, watu hao wakawa jamii ambayo mgeni haitenganishi kwa urahisi. Jiji lilipokua ng'ambo, wao walilipelekea samaki, nazi, kuni na mkaa. Hawakuombwa ardhi, kwa kuwa hakuna aliyeitaka.

Uhuru ulipowadia mji ulianza kuvusha kile ambacho haukuwa na nafasi nacho. Kwanza kilikuja chuo. Mwaka 1961 Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa upande wa Kigamboni kufundisha viongozi wa taifa jipya, na ndicho kilichokuja kuwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Makada wa chama, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na vya ushirika walivushwa na pantoni kwenda kujifunza uchumi na siasa, na huenda baadhi yao ndipo walipoiona minazi ya Kigamboni kwa mara ya kwanza.

Kisha yakaja mafuta. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilianza kazi 1966 kwa ubia na Waitalia. Miaka miwili baadaye likakamilika bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, kutoka hapa hadi Ndola, Zambia. Sababu yake ilikuwa mbali na pwani hii: mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikipitishia mafuta yake kusini, ikabanwa koo. Kigamboni ikawa mlango wa nyuma wa Lusaka. Usafishaji ulikoma mwishoni mwa karne, lakini matangi yapo na yameongezeka. Bomba nalo, baada ya miongo mingi ya mafuta ghafi, tangu 2023 linapitisha dizeli. Watoto wa Tungi wamekua wakicheza chini ya uzio wa matangi hayo, jambo ambalo mipango miji ya karatasini haikulikusudia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zamu ilikuwa ya watu. Gezaulole, jirani na Mbwamaji ya kale, ikawa miongoni mwa vijiji vya mwanzo vya ujamaa katika eneo la Dar es Salaam. Miongoni mwa waliopelekwa walikuwamo wakazi wa mjini waliohesabiwa kuwa hawana kazi. Walipewa majembe. Wapo waliorudi mjini mara walipopata nafasi. Waliobaki wakaoana na wenyeji, na wajukuu wao leo ndio wanaoulizwa na wanunuzi wa viwanja, "Mzee, hili eneo ni la familia?"

Swali hilo lilishika kasi mwaka 2002, serikali ilipoanza mradi wa viwanja 20,000 na Kibada ikapimwa. Hapo ndipo mjini walipogundua kwamba ng'ambo kuna hewa. Kabla karani hajakamata ramani vizuri, ikaja ndoto kubwa zaidi. Oktoba 2008 serikali ilitangaza eneo la mji mpya wa Kigamboni na kuzuia ujenzi na uendelezaji wakati mpango ukiandaliwa. Katazo lilikuwa la miaka miwili. Likaongezwa. Wataalamu wa Korea Kusini walichora mji wa minara na mifereji, ukaundwa wakala wa kuusimamia, na watu wakakaa wakingoja fidia ambayo kila mkutano wa hadhara uliipa maelezo mapya. Mwenye nyumba ya bati lililooza hakuruhusiwa kuongeza chumba, na benki haikutaka kusikia habari ya kiwanja kilichomo ndani ya ramani. Mwishowe wakala ukavunjwa, na minara ikabaki kwenye michoro. Ninaamini hasara kubwa ya miaka ile haikuwa fedha za mpango. Ilikuwa ujenzi wa kimyakimya: watu hawakuacha kujenga, ila walijenga usiku, bila kibali na bila mtaro, na mitaa iliyozaliwa hivyo sasa ndiyo inayofurika kila masika.

Somangila kuna kumbukumbu nyingine ya zama hizo. Eneo la Dege, mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF na mbia wake walianza kujenga nyumba zaidi ya 7,000. Kazi ikasimama 2016, maghorofa yakiwa yamepanda lakini hayana wakazi. Ukipita baharini unayaona yamejipanga kama meno, na wavuvi huyatumia kujua walipo.

Daraja ndilo lililofika hadi mwisho, na kisa chake hakiwezi kusimuliwa bila nauli ya pantoni. Mwaka 2012 nauli ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200. Wabunge wa Dar es Salaam, akiwemo Faustine Ndugulile wa Kigamboni, walipinga. John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, akajibu kwamba asiyeweza kulipa apige mbizi. Kauli hiyo ilimfuata kila alipokanyaga Kigamboni. Aprili 2016, sasa akiwa Rais, ndiye aliyelifungua daraja la mita 680 kutoka Kurasini hadi Vijibweni, NSSF ikiwa imetoa asilimia 60 ya gharama na serikali 40, na akalipa jina la Nyerere. Waenda kwa miguu hupita bure. Magari, bajaji na bodaboda hulipa, na tozo, hata baada ya kupunguzwa 2022, bado ni ugomvi wa kudumu: mkazi wa Vijibweni anauliza kwa nini yeye alipie daraja ilhali wa Ubungo anapita juu ya barabara za juu bila kutoa senti. Ni swali la haki, na sijasikia jibu lake lililoshiba.

Novemba 2022 mambo yaligeuka kwa namna ambayo wazee wa Kimbiji waliifurahia waziwazi. Ukame ulipunguza maji ya Mto Ruvu, na jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mradi wa visima virefu wa Kigamboni, wenye uwezo wa lita milioni 70 kwa siku kutoka kwenye hifadhi ya maji iliyo chini ya ardhi ya kusini mwa wilaya. Maji yakavushwa kwenda katikati ya jiji. Kigamboni, iliyokuwa ikinunua maji ya madumu kwa wasukuma mikokoteni, kwa wiki kadhaa ikawa inawanywesha watu wa Posta.

Siku hizi dalali wa kweli hakai tena Kibada. Yuko Kimbiji, jirani na kiwanda cha saruji, au Pemba Mnazi, akipima kwa hatua za miguu na kuapa kwamba lami inakuja. Barabara ya Kibada kwenda Mwasonga na Kimbiji kweli imetengewa lami, kwa hiyo hadanganyi sana. Anayeuza ni kijana wa ukoo, aliyerithi mikorosho isiyomlipa, na fedha ya ekari moja anainunulia bodaboda mbili. Anayenunua ni mwalimu au askari anayeanza na msingi, akiongeza kozi za tofali kila mshahara unapomruhusu. Mauziano huandikwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mashahidi wanatia sahihi, na upimaji huja baadaye, ukija. Njia ya gari huachwa upana wa bajaji, kwa sababu muuzaji anahesabu kila futi anayoiacha kuwa fedha iliyopotea.