Mzunguko wa Mtoni, Mukuru kwa Reuben
Mukuru, kwa Kikuyu, ni bonde. Jina la Reuben, husimulia wazee, ni la Mzungu aliyemiliki ardhi hapa enzi za ukoloni. Shuka na vichochoro taratibu. Bonde lenyewe litakuonyesha njia.

Mto ulio mbele yako ni Ngong. Huko juu, unapopita kwenye kivuli cha Msitu wa Ngong, huitwa Motoine. Hubadili jina ukitoka Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953. Zamani watu waliendesha mashua za tanga bwawani humo. Leo magugumaji yametanda. Ukifika hapa, mto umeshabeba taka za mitaa na za viwanda, na pua itakujulisha kabla ya macho.

Ukingo huu ulikuwa na nyumba. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali iliamuru watu wahame mita 30 kutoka mtoni, na matingatinga yakaja Mei. Ukikuta sukumawiki juu ya kifusi, usiikanyage: ina mwenyewe.

Panda tena kwa njia ya juu, kati ya mabati, hadi ulipoanzia. Mvua ikianza, acha mto, rudi mapema.