Chura wa Kihansi na Taa Zetu

Mtaje chura wa Kihansi kwenye kijiwe chochote cha kahawa hapa Mwanza, uone watu watakavyocheka. Si ndiye yule aliyepandishwa ndege kwenda Marekani, wakati sisi tunasafiri kwa kubanana kwenye basi? Utani ni mtamu, nakubali. Ila unaruka sehemu yote ya maana.

Mto Kihansi unateremka kutoka milima ya Udzungwa, mbali sana na ziwa letu. Korongoni maji yalianguka kwa kishindo, yakirusha rasharasha za baridi usiku na mchana. Ndani ya unyevu huo, kwenye eneo la kama hekta 2 tu, aliishi chura wa rangi ya njano asiyefika hata sentimita 3. Jike hatagi mayai, anazaa vitoto vilivyokamilika, bila hatua ya viluwiluwi majini. Wanasayansi walimwita Nectophrynoides asperginis, na hilo neno la pili ni la Kilatini, linahusu rasharasha zenyewe. Hakujulikana kuishi popote pengine duniani.

Aligunduliwa mwaka 1996. Wakati huo ujenzi wa bwawa la umeme, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ulikuwa umeshaanza. Hapo ndipo ninapogombana na utani wa kijiweni. Tunauliza "umeme au chura?" kana kwamba kuna siku watu walikaa wakachagua. Hawakuchagua. Korongo halikuchunguzwa ipasavyo kabla ya kazi kuanza, basi.

Mwaka 2000 mitambo ya megawati 180 ilikuwa tayari, na maporomoko yakapoteza zaidi ya asilimia 90 ya maji yake. Rasharasha zikakatika. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 wakapelekwa Marekani. Ndiyo hiyo safari ya ndege. Lakini kule korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji, na vyura, bwana, wakarudi! Katikati ya 2003 walikadiriwa kufika 20,000 hivi, huku umeme ukiendelea kuzalishwa. Yaani yote mawili yaliwezekana.

Halafu, ndani ya miezi michache, wakaisha. Kuvu hatari wa ngozi alikutwa kwenye mizoga. Wengine walishuku pia dawa za mashambani na tope lililotoka bwawani milango ilipofunguliwa. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Mtu wa Mwanza anapaswa kuisikia habari hii kwa sikio jingine. Sisi tulikuwa na furu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshawafagia kwenye Ghuba ya Mwanza. Inakadiriwa aina karibu 200 zilipotea ziwani, nyingine hata kabla hazijapewa jina. Mholanzi Tijs Goldschmidt, aliyewachunguza hapahapa, aliandika kitabu kizima kuwahusu, kikatoka kwa Kiholanzi mwaka 1994. Sisi tulibaki na minofu ya kusafirisha nje, na ajira, ambazo sizibezi hata kidogo: sangara amesomesha watoto wengi mjini hapa. Lakini wengi wa furu waliopotea hawakuwa na wenzao waliohifadhiwa mahali wakingoja kurudishwa.

Chura wa Kihansi alikuwa nao. Wale wa Marekani nao walikufa wengi, wakashuka chini ya mia, kabla watunzaji wa Bronx na Toledo hawajaelewa taa gani na chakula gani vinawafaa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 takriban 2,000 wakaachiliwa korongoni, kwenye rasharasha za mabomba.