Wakati msafiri alikuwa posta

Wandugu, sisi tuliozaliwa kisha mwaka 2000 tunaonaka telefone kama kitu cha siku zote. Muulize mama yako. Kabla ya kupanda boti ya Goma kwenda Bukavu, alikuwa anapewa barua za nusu ya mtaa. Posta ya Zaire ilikuwa imekufa, msafiri njo alikuwa posta.

Kwa habari ya haraka kulikuwa foni, ile redio ya wachuuzi na misioni. Unafika kwa saa iliyopangwa, unasema, unaachilia kifungo, unangojea. Na kila mtu aliyewasha redio yake pale anasikia! Ugonjwa wa baba, deni, maneno ya mahari: watu wengine walijua mbele ya familia.

Na hii ndiyo inanichekesha: inchi yetu ilikuwa kati ya zile za kwanza Afrika kuwa na simu ya mkononi. Telecel ya Miko Rwayitare ilianza Kinshasa mwaka 1986. Lakini kifaa kilikuwa kizito kama tofali, bei yake maelfu ya dola. Ilikuwa ya mawaziri, majenerali na matajiri. Raia aliendelea na barua yake. Vodacom Congo ilianza mwaka 2002, inchi ingali imekatwa vipande na vita. M-Pesa ikafika mwaka 2012, kisha simu za WhatsApp. Leo dereva wa Bukavu–Uvira anauliza wenzake kwa sauti kama Ngomo inapitika, na mwanafunzi anatumiwa feza ya chakula akiwa njiani.

Uzito wake tuliujua ilipokatwa. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, serikali ilifunga intaneti na SMS. Kisha uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, tena: karibu siku 20 bila intaneti. Hapa Goma watu walitafuta kadi za SIM za Rwanda, wakasogea karibu na mpaka ili washike rezo. Wengine walivuka mpaka Gisenyi, si kwa biashara, ni kusoma ujumbe tu. Pale mtaani kwetu, aliyevuka asubuhi alienda na telefone tatu mfukoni, zake na za majirani. Jioni walimngojea mlangoni, sawa vile zamani walingojea mama kwenye bandari.