Jinsi ya kufufua baiskeli kuukuu ya umeme

BAISKELI ya umeme ya mtumba inapokataa kwenda, aghalabu mota yake huwa ingali nzima. Kinachokufa kwanza ni betri, nayo ndiyo sehemu iliyo ghali kuliko zote. Kwa hivyo, anayetaka kununua baiskeli ya aina hii Meru au Embu, ambako karibu kila safari ina mlima, hana budi kuikagua betri kabla ya kuanza kujadili bei.

Kazi hii humfaa fundi wa redio na simu zaidi ya fundi wa baiskeli, kwa kuwa kifaa kikuu kinachohitajika ni testa ya kupimia volti.

Betri nyingi ni za volti 36. Zipo za madini ya risasi na asidi, ambapo betri tatu ndogo za volti 12 huunganishwa pamoja, na zipo za lithiamu, ambazo huwa na safu 10 za seli. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzishwa husoma takriban volti 12.7. Ikisoma chini ya 10.5, imekwisha, na iwapo imekaa hivyo kwa miezi mingi stoo, salfeti huwa imeganda kwenye bamba zake, na ni nadra kwake kurudia nguvu za awali.

Ya lithiamu iliyojaa husoma volti 42. Ikisoma sufuri, mnunuzi asikate tamaa mara moja: ndani mna kibao cha ulinzi ambacho hukata umeme seli zinaposhuka mno, ilhali seli zenyewe huenda zikawa bado na uhai. Fundi atalifungua sanduku na kupima kila safu. Seli iliyoshuka chini ya volti 2 haifai kuchajiwa tena, kwani huweza kuungana ndani kwa ndani na kulipuka moto. Wapo mafundi wanaojaza pengo kwa seli zilizotolewa katika tarakilishi kuukuu. Mchanganyiko huo ni hatari endapo seli hazilingani kwa uwezo na umri, kwa sababu ile dhaifu hushuka na kujaa kabla ya wenzake. Kuziunganisha kwa moto wa muda mrefu wa kulehemu pia huziharibu.

Chaja nayo huponza wengi. Baiskeli zilizotumika Japani huja na chaja ya volti 100, ilhali umeme wa Kenya ni wa volti 240. Ikichomekwa moja kwa moja, huungua papo hapo. Ni muhimu kusoma maandishi yaliyo mgongoni mwa chaja. Isitoshe, baiskeli nyingi za Kijapani hazikubali betri ya aina nyingine, kwa kuwa betri na mota huwasiliana. Isiyo na betri yake ya asili ni afadhali iachwe, hata ikiwa rahisi kiasi gani. Chaja ya betri ya risasi kamwe isitumiwe kwa lithiamu, na betri isichajiwe chumba cha kulala.

Betri ikiwa nzima na baiskeli bado imekwama, fundi aanze na yaliyo rahisi: fyuzi, kisha viungo vya nyaya, ambavyo huota kutu kwa mvua na vumbi. Kosa linalosahaulika sana ni swichi iliyo kwenye mkono wa breki. Kazi yake ni kuzima mota breki inapobanwa; ikikwama, mota haizunguki kabisa. Ichomolewe kwa muda ili kujaribu, kisha irudishwe.

Baadaye gurudumu lenye mota liinuliwe na kuzungushwa kwa mkono. Mota zenye gia ndani huzungushwa kinyumenyume. Likiwa zito na la kushtukashtuka, zichomolewe zile nyaya tatu nene. Likilegea baada ya hapo, kilichoungua ni kidhibiti umeme, ambacho mafundi hukiita kontrola, wala si mota.

Swali la mlima hujibiwa kwa hesabu. Mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 30 na gunia la kilo 50 ni jumla ya kilo 150. Kuupandisha mzigo huo mita 300 kwenda juu bila kupiga pedali huhitaji takriban wati-saa 175, ukihesabu umeme unaopotea kama joto. Betri mpya ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Iliyobakisha nusu ya uwezo wake itakaribia kuisha kileleni, hata kabla ya kuhesabu msuguano wa barabara.

Kuteremka nako kuna yake. Barabara ya Embu hadi Meru hukata mabonde ya mito ya Mlima Kenya, ikiwemo Thuci na Nithi. Darajani Nithi, basi lililotoka Meru lilitumbukia Julai 2022 na kuua zaidi ya watu 30. Baiskeli yenye betri za risasi ni nzito kuliko ya kawaida, hivyo raba na nyaya za breki zibadilishwe kabla ya jambo jingine.

Betri iliyokufa isipasuliwe nyumbani. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza kazi 2007 na kufungwa 2014 kiliwaathiri wakazi kwa sumu ya risasi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni mnamo 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Betri za lithiamu zinaweza kupelekwa kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama vile WEEE Centre jijini Nairobi.