Mpaka Uliobomolewa kwa Miguu

Tukisikia habari za kuta kubomolewa, wengi tunakumbuka Berlin, Novemba 1989: vijana juu ya ukuta, nyundo mikononi. Mimi namkumbuka bibi yangu wa Rombo. Yeye nyundo hakuwa nayo. Alikuwa na miguu tu.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakata roho, serikali yetu iliufunga mpaka na Kenya. Holili na Taveta zikanuniana. Tarakea na Loitokitok hivyo hivyo. Lakini huku mlimani mpaka wenyewe ni mstari tu, Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu yake mwaka 1886 bila kumuuliza mwenye kihamba. Ndugu walikuwa pande zote mbili, na soko pia.

Baada ya Vita vya Kagera hali ikawa mbaya zaidi. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni. Basi bibi akawa anaondoka usiku na maharage kichwani, anapita njia za panya, kukipambazuka yuko ng'ambo. Anarudi na sabuni na mafuta ya kupikia. Siku moja walimkamata, wakachukua mzigo wote, wakamwita mlanguzi mbele ya wanawe. Wiki iliyofuata akaenda tena.

Sisemi magendo ni mema. Kahawa iliyovushwa usiku haikuliletea taifa kitu, na wapo waliotajirika kwa dhiki za wenzao. Mwaka 1983 Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, hasira ya wananchi ilikuwa ya kweli. Lakini bibi na miche yake mitano ya sabuni, naye mhujumu?

Novemba mwaka huohuo Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha, mpaka ukafunguliwa. Vitabu vinawataja hao watatu, na ni haki yao. Ila nilipomuuliza bibi siku ile ilikuwaje, alicheka.

"Mjukuu wangu, wao walifungua mlango. Ukuta sisi tulishautoboa zamani."

Nataka kuandika riwaya, na nilikuwa nahangaika kutafuta shujaa. Kumbe alikuwa jikoni, anamenya ndizi. Wewe mwandishi mwenzangu, kwenu yupo nani? Kamuulize leo, kesho ni mbali.